Ngoma ya Kilio na Ngoma ya Mgeni wa Heshima

Imekuwa desturi kusema ya kwamba ngoma za Waafrika ziliuawa na dansi za kigeni. Neno hili ni jepesi kutamkwa, maana humtupia mwingine lawama. Lakini si kweli.

Tarehe 10 Desemba, 1962, Julius Nyerere aliliambia Bunge la Tanganyika kuwa wengi walijifunza rumba na chachacha, bali wachache walipata hata kusikia habari za Gombe Sugu au Lele Mama. Siku hiyo akatangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1963 kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo. Nia ilikuwa njema. Njia ndiyo iliyopotoka.

Tazama Rungwe. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika habari za mazishi: wanawake wakilia, na papo hapo vijana wenye mikuki wakicheza kwa ngoma. Mchezo ule haukuwa tamasha. Ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe ya kuzika, nao uliwarudisha wafiwa katika uhai. Wamisionari wa Moravian, waliofika mwaka 1891, walileta tenzi, na Mkristo akatengwa na mchezo wa kilioni. Baada ya uhuru ngoma ikaitwa tena, ikaitwa wapi? Kiwanjani, mbele ya jukwaa, kwa dakika chache kabla ya hotuba. Aliyekuwa akimchezea marehemu sasa humchezea mgeni wa heshima.

Wako wasemao kwamba ngoma ya asili isiguswe. Hao na waulizwe mganda wa kando ya Ziwa Nyasa ulitoka wapi. Ni mtoto wa beni, na beni iliiga gwaride na tarumbeta za askari wa kikoloni. Mgeni aliigwa, wala ngoma haikufa, ilizaa.

Tango nalo lilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika mitaa ya maskini ya Buenos Aires na Montevideo, kwa wahamiaji wa Ulaya na wazao wa watumwa wa Kiafrika. Wakubwa wa mji waliliona aibu, mpaka Paris ilipolipenda kabla ya vita ya 1914. Mwaka 2009 UNESCO ikalitia katika orodha ya urithi wa binadamu. Lakini si orodha iliyolihifadhi. Limeishi kwa kuwa watu hukutana usiku na kulicheza wao kwa wao, pasipo kungoja mgeni.

Basi, shule za Tukuyu zisiifundishe ng'oma kwa ajili ya kupokea mabwana tu. Wazee na wawe mahakimu wa mchezo, vijana wapewe ruhusa ya kuongeza, na ngoma irudishiwe shughuli inayoihitaji: arusi, mavuno, hata kilio. Taifa halihitaji ngoma za kuonyeshwa. Lahitaji watu wanaocheza hata pasipo mtazamaji.