LESENI SI PAMBO LA UKUTANI

Kila siku hupita Tunduma magari yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam, yakielekea Zambia na Kongo. Magari hayo hayajalipiwa ushuru wa nchi yetu. Yameruhusiwa kupita tu, kwa dhamana ya forodha. Likiuzwa moja njiani, hilo ni la magendo. Serikali ikilikamata, anayebaki mikono mitupu ni mnunuzi.

Mfikirieni mkulima wa Mbozi aliyeweka fedha ya misimu mitatu ya kahawa ili apate pikapu. Muuzaji ana maneno matamu, lakini hana ofisi, wala kadi ya gari haina jina lake. Kesho shida ikitokea, atamtafuta wapi?

Ndiyo maana tangu 1972 tunayo Sheria ya Leseni za Biashara. Wako wanaonung'unika kwamba leseni ni njia ya kuwatoza fedha tu. Sisi twasema sivyo. Leseni humpa muuzaji jina na mahali pa kuonekana. Lakini leseni inayotolewa bila ukaguzi ni karatasi tupu. Wenye kuitoa na wafike kila yadi, wasingoje ada mezani.

Nanyi ndugu wanachama, kila tawi liwafundishe watu: kwanza leseni, pili kadi, tatu kuuliza Mamlaka ya Mapato, ndipo fedha itoke mfukoni. Uhuru wa 1961 haukutafutwa ili jasho la mkulima liliwe na mjanja wa mpakani.