Usiuze rangi ya skrini, uza rangi ya kipande

Leo nasema jambo ambalo baadhi ya mafundi wenzangu hawatalipenda: mteja akikataa kabati kwa sababu rangi siyo aliyoiona kwenye simu, mara nyingi kosa ni letu sisi wauzaji, si lake.

Nauza kabati za jikoni hapa Ifakara. Oda nyingi zinakuja kwa WhatsApp. Mwaka jana nilipata mteja, dada mmoja wa Lupiro, ng'ambo ya mto. Nikamchorea jiko lake kwenye SketchUp, nikapiga picha ya skrini, nikamtumia. Akaipenda ile rangi ya kijivu, advansi ikaingia siku hiyohiyo. Kazi ikaisha, tukapakia kwenye kirikuu, tukavuka Daraja la Magufuli mpaka kwake. Tulipofunga milango ya kwanza akaniambia, "Kaka, hii si kijivu. Hii ni nyeupe iliyochafuka."

Nikabisha, maana rangi niliyochagua kwenye programu ndiyo niliyopaka. Akafungua simu yake, akaiweka karibu na mlango. Alikuwa sahihi.

Kilichotokea ni hiki. Programu haipaki rangi tu, inaigiza na mwanga. Upande wa kabati uliogeukia mbali na mwanga unatiwa giza. Mimi nilichagua kijivu cheupe, programu ikakifanya kizito, mteja akapenda kile kizito. Nilimuuzia kivuli bila kujua. Kurudisha milango, msasa, rangi mpya na usafiri vilinila laki mbili na themanini. Faida yote ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo nafanya mambo manne.

1. Naondoa giza la programu. Kwenye SketchUp ya kompyuta nafungua sehemu ya "Shadows", vivuli vyenyewe naviacha vimezimwa. Naweka tiki kwenye "Use sun for shading", nashusha "Light" hadi 0 na kupandisha "Dark" hadi 80. Hapo rangi inakaa karibu sana na ile uliyochagua.

2. Naandika namba ya rangi kwenye oda. Neno "krimu" kila mtu ana yake kichwani. RAL 9001 ni krimu moja tu, na duka linalochanganya rangi kwa namba litakupa hiyohiyo. Kama duka lako halina mashine, nunua kopo la kazi nzima kwa mara moja. Ukichanganya kwa mkono mara mbili, hupati rangi moja.

3. Nauliza taa. Angalia boksi la balbu: 3000K ni mwanga wa njano, 6500K ni mweupe unaoelekea bluu. Kijivu kilekile chini ya balbu ya njano kinaelekea udongo, chini ya balbu nyeupe kinapoa. Simu nayo ina mambo yake. Ikiwa imewashwa ule mwanga wa usiku wa kulinda macho, kila kitu kinageuka njano.

4. Natuma kipande. Nakata ubao wa nchi nane, napaka rangi na vanishi ya kazi yenyewe, nampa bodaboda. Mteja anakiweka jikoni kwake, anakitazama mchana na usiku taa zikiwaka. Akikubali, anasaini nyuma yake na kukipiga picha. Ndipo nachukua advansi.

Kwa wanaouza mitiki, kipande ni lazima kabisa. Bonde letu la Kilombero lina mashamba makubwa ya mitiki tangu miaka ya 1990, na wateja wanaiulizia kwa jina. Lakini ile picha ya mtiki iliyomo ndani ya programu ni ubao wa mtu mwingine, wa shamba lingine. Mtiki uliotoka kwenye randa leo una michirizi, mingine inaelekea kijani. Ukikaa kwenye mwanga siku kadhaa hadi wiki kadhaa, rangi inajipanga na kuwa kahawia ya dhahabu. Mwambie mteja kabla, tena mwonyeshe kipande kipya na cha zamani pamoja. Usipomwambia, atadhani umembadilishia mbao.

Najua wapo watakaosema kipande kinachelewesha oda, mteja wa mtandaoni anapoa haraka. Ni kweli, mimi mwenyewe nimepoteza wawili watatu hivyo. Lakini mteja anayekimbia kwa sababu ya siku mbili amekuachia mbao zako. Mteja anayekataa kazi iliyokwisha fungwa ukutani anaondoka na pesa yako na jina lako, na Ifakara si mji mkubwa.

Wengine wanajikinga kwa kuandika chini ya picha, "rangi inaweza kutofautiana kidogo." Sawa, andika. Lakini ukiwa unajua itatofautiana na kipande hukutuma, hayo maneno ni ya kujificha tu. Picha ya kompyuta imuonyeshe mteja droo inakaa wapi na mlango unafungukia upande gani. Rangi aishike mkononi.

Mwenye njia bora kuliko hii atuambie na sisi tujifunze. Kazi njema.