MWALIMU NA AJIULIZE

Mwishoni mwa kila andalio la somo katika shule zetu za Tanzania pana nafasi ya tathmini na maoni, ambapo mwalimu hutakiwa kueleza jinsi kipindi kilivyokwenda. Nafasi hiyo ni ndogo, lakini thamani yake ni kubwa kuliko wengi wadhanivyo. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi hujazwa maneno yale yale: “Somo limeeleweka.” Jumatatu limeeleweka, Ijumaa limeeleweka, na wako wanaoyaandika asubuhi kabla kengele haijalia! Mtihani ukija, ndipo yaonekanapo yasiyoeleweka.

Tutoe mfano wa hesabu za sehemu. Watoto wameambiwa wajumlishe 1/2 na 1/3, nao wengi wamejibu 2/5, kwa kuwa wamejumlisha namba za juu kwa juu na za chini kwa chini. Mwalimu mmoja atapiga alama nyekundu, awaite wavivu, aende zake. Mwenzake ataketi na madaftari hayo na kujiuliza: Wamefikaje hapa? Nilisema neno gani lililowapoteza? Ataona kwamba watoto hawakubahatisha; wamefuata kanuni, ila kanuni yenyewe siyo. Kesho yake ataingia darasani na muwa badala ya fimbo, awaulize: Mwenye nusu ya muwa, akiongezewa theluthi, aweza kubaki na pungufu ya nusu? Maana 2/5 ni pungufu ya nusu. Watoto watacheka. Ndipo atakapoukata muwa vipande sita sawasawa, ahesabu vitatu na viwili, na 5/6 ionekane kwa macho.

Huko ndiko kujihoji tunakokusema. Si kuungama dhambi. Ni kazi, kama ya seremala ambaye mlango wake haufungi, akarudi na futi kupima kabla ya kuzilaumu mbao.

Mwalimu Nyerere, ambaye naye alifundisha Tabora na Pugu, alitaka katika “Elimu ya Kujitegemea” ya mwaka 1967 kwamba shule zimpe mtoto moyo wa kudadisi. Mtoto ataupata wapi moyo huo, ikiwa anayemfundisha hajidadisi mwenyewe?

Twajua tutaambiwa kwamba mwalimu mwenye watoto themanini hana saa ya kutafakari. Neno hilo lina haki, wala hatulipuuzi. Tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001 watoto wengi wamepata nafasi, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kadiri ile ile. Hata hivyo, hatumtaki asome madaftari themanini kila jioni. Achukue kumi, na swali moja tu: ni wapi waliponiacha?

Lakini lawama yetu kubwa si kwa mwalimu. Aliyeandika kwa kweli, “Wanafunzi 40 hawakuelewa, nitarudia,” akiitwa ofisini kujieleza, na aliyeandika uwongo akapigiwa muhuri, nani atathubutu kusema kweli mara ya pili? Wakuu wa shule na wathibiti ubora ndio wanaoweza kuikomesha hofu hiyo. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unawataka walimu wakutane shuleni mwao na kusaidiana. Basi katika mikutano hiyo yaletwe maandalio yenye neno “hawakuelewa”, yasomwe kwanza, na mkuu wa shule aanze na la kwake.