Slalomu juu ya ziwa Tshangalele: kabla ya kutupa boya, tope lipimwe

LUBUMBASHI – Tangu tarehe 4 Novemba 2025, maji machafu ya kampuni ya madini CDM yalipotoka katika bwawa lake na kuingia katika mitaa ya Lubumbashi, wakaaji wa Haut-Katanga hawaangalii tena maji kwa jicho la zamani. Waziri wa Madini, Louis Watum Kabamba, alisimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi 3. Katika hali kama hiyo, kuzungumza juu ya michezo ya majini kunaweza kuonekana kuwa starehe ya watu wenye pesa. Lakini mchezo mmoja, ule wa kuvutwa na boti juu ya ski na kupita kati ya maboya, unatulazimisha kuuliza swali ambalo serikali ya jimbo ingepaswa kuuliza zamani: chini ya maziwa yetu kumelala nini?

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi tumeuona kwenye televisheni tu. Njia ya slalomu ina urefu wa mita 259. Boti inapita katikati, kwenye mstari ulionyooka, kati ya maboya madogo yanayoionyesha njia. Mchezaji anazunguka maboya mengine 6, matatu kila upande, kila moja likiwa mita 11 na nusu kutoka mstari wa katikati. Wanaume wa kiwango cha juu wanakimbia kilomita 58 kwa saa, wanawake 55. Mchezaji akishinda maboya yote 6, kamba inafupishwa, anarudia tena, mpaka aanguke au akose boya. Pande zote mbili za njia, boti inahitaji nafasi ya kuchukua mwendo na ya kugeuka, ndiyo maana waandaaji wanatafuta maji tulivu ya urefu wa mita 600 hivi au zaidi.

Jimbo letu lina maji ya namna hiyo. Kubwa kuliko yote karibu nasi ni ziwa Tshangalele, katika teritwari ya Kambove, upande wa mashariki wa Likasi. Si ziwa la asili. Lilizaliwa wakati mto Lufira ulipofungwa pale Mwadingusha ili Union Minière ipate umeme. Kituo kilianza kazi mwaka 1930. Ni pana sana, lakini kina chake ni kidogo: kwa wastani hakizidi mita 3, na kiangazi maji yanashuka zaidi.

Watu wengi watasema basi halifai. Hapo wanakosea. Kwa mchezaji wa ski, maji mafupi si ubaya. Huko Marekani na Ulaya kuna watu wanaochimba maziwa madogo kwa ajili ya slalomu tu, na mengi yao yana kina cha mita 2 hivi. Maji ya namna hiyo ni rahisi kwa nanga, na kamba za maboya hazihitaji kuwa ndefu. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kwamba mtu anayeanguka kwa mwendo huo hagongi chini, na kwamba hakuna kisiki kinachongojea. Tusisahau kwamba Tshangalele ni bonde lililofunikwa na maji, na bonde lilikuwa na miti. Mti mrefu wenye alama za sentimita, mtumbwi, na siku mbili za kazi mwezi wa Oktoba, wakati maji yako chini kabisa, vinatosha kujibu swali la kina.

Swali la tope ni gumu zaidi. Mto Panda unapita Likasi, mji wa viwanda vya shaba na kobalti, na maji yake yanaingia Lufira, kisha ziwani. Kwa miaka mingi madini yaliyobebwa na maji hayo yametua chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 juu ya bonde la juu la Lufira ulitafuta shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi, hata urani, na ukaonyesha kwamba uchafuzi huo umeingia katika mnyororo wa chakula, mpaka kwa samaki. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walikuwa wamechapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kobalti nyingi sana kwa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga.

Tope likitulia, sehemu kubwa ya madini hayo inabaki imelala nalo. Boti ya ski haiachi kitu kilale. Panga la injini linazunguka karibu na chini, na pale penye maji ya mita moja na nusu linainua tope kama mtu anayefagia uwanja mkavu. Tufanye hesabu ndogo: wachezaji 5 kwa siku, kila mmoja akipita njia mara 8, ni mara 40 juu ya mstari ule ule. Mvuvi anapita na mtumbwi wake mara moja asubuhi, kwa kasia.

Na mvuvi ndiye mwenye ziwa kabla ya wengine. Samaki wa Tshangalele wanaliwa na bukari Kapolowe, Likasi na hapa Lubumbashi. Mchezaji anatafuta ghuba iliyojificha na upepo wa kiangazi, maana katikati ya ziwa kuna mawimbi. Lakini ghuba hizo, penye matete, ndizo samaki wanapozalia, ndipo nyavu zinapotegwa, na ndipo konokono wa kichocho wanapokaa. Upande wa bwawa maji yana kina zaidi, lakini huko kuna milango ya maji ya SNEL. Kituo cha Mwadingusha kimetengenezwa upya kwa pesa za mradi wa Kamoa-Kakula, kina megawati 78, na hakuna mtu mwenye akili atakayeruhusu maboya na wachezaji mbele ya milango hiyo.

Je, mradi wa namna hii ukatazwe kabisa? Kwa maoni yetu, hapana. Kuna njia za slalomu zinazoondolewa: kamba moja ndefu, nanga mbili za mwisho, maboya yanafungwa asubuhi na kufunguliwa jioni. Nyavu za usiku hazinaswi. Boti inaweza kupewa mstari mmoja tu, penye kina cha kutosha, na mbali na mlango wa Lufira.

Lakini ruhusa isitoke katika ofisi moja ya Lubumbashi kwa barua ya ukurasa mmoja. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai utafiti wa athari za mazingira kabla ya mradi unaoweza kuyadhuru, na Wakala wa Mazingira wa Kongo, ACE, uliundwa kwa ajili ya kazi hiyo. Bonde la Lufira liko pia, tangu 2017, katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu ya dunia. Sahani ya tope iliyochukuliwa mahali pa kila boya na kupelekwa maabara ya UNILU si gharama ya kumshinda mtu anayeweza kununua boti ya ski. Matokeo yasomwe Kapolowe, kwa Kiswahili, mbele ya wavuvi na wanawake wanaouza samaki, kabla ya boti kushushwa majini.

Wengine watasema: viwanda vinamwaga kila siku, nanyi mnamfuata mwenye boti moja? Ni kweli kwamba boti haikulileta tope hilo. Lakini majibu ya maabara yakishatoka, hayatamhusu mwenye boti peke yake. Yataonyesha, boya kwa boya, kilichoshuka kutoka Likasi kwa karibu miaka mia, na wenye viwanda wataulizwa na wao.