UKURASA WA MIFUGO NA RIZIKI: Kiwele Hutazamwa Kikiwa Kitupu



Mwezi huu tumechagua jambo ambalo huenda likawashangaza wale wanaokaa katika maghorofa ya Newham, Barking na Brent, ambako hata paka hafugwi ila kwa idhini ya mwenye nyumba. Tunataka kuzungumza juu ya kiwele cha mbuzi wa maziwa: namna ya kukitazama, kukishika na kukihukumu.

Msomaji ana haki ya kuuliza, haya yatuhusu nini sisi wa London? Yatuhusu kwa sababu fedha za kununulia mbuzi hao aghalabu hutoka katika mifuko yetu. Ni wengi miongoni mwetu waliopigiwa simu kutoka nyumbani na kuombwa mchango wa mbuzi wa maziwa kwa ajili ya bibi aliyebaki na wajukuu, au kwa mjane anayetaka kitu cha kumwingizia senti mbili tatu. Ombi lenyewe ni la busara. Mbuzi hula kidogo kuliko ng'ombe, banda lake hutosha nyuma ya nyumba, na mimba yake ni ya miezi mitano tu. Huko Meru na Nyeri, nchini Kenya, wakulima wamewapokea mbuzi wa Toggenburg na wale wa Alpine kutoka Ujerumani. Na huko Mgeta, katika milima ya Uluguru nchini Tanzania, mbuzi wa asili ya Norway wamefugwa tangu miaka ya 1980. Machotara wao wameenea mbali. Lakini mbuzi wa namna hii huuzwa kwa bei iliyo juu sana kuliko ya mbuzi wa nyama, na kosa la asubuhi moja mnadani hulipwa huku kwa zamu nyingi za usiku.

Jamaa mmoja wa jumuiya yetu, wa mashariki ya London, alituma fedha nyumbani ili mama yake mzazi anunuliwe mbuzi. Nduguye alikwenda mnadani kwa nia njema, akamwona mbuzi mrefu, mwenye rangi ya kupendeza, kiwele kimejaa hadi ngozi inang'aa. Akamnunua. Siku ya kwanza walikama wakafurahi. Siku ya tatu maziwa hayakufika kikombe, na upande mmoja wa kiwele ulikuwa mgumu kama jiwe. Fedha zilikwisha kulipwa, muuzaji hajulikani aliko, na yule mama mzee alibaki na mnyama wa kumlisha badala ya mnyama wa kumlisha yeye.

Tusimlaumu mnunuzi. Wazee wetu walitufunza vizuri sana kumtazama mbuzi wa kuchinja: asiwe chongo, asiwe kiguru, asiwe mgonjwa, asiwe amekonda mno. Kila mmoja wetu aliyewahi kufuatana na baba yake kununua mnyama wa Idi anayajua haya. Ila jicho la nyama si jicho la maziwa. Mbuzi anaweza kuyapita masharti yote hayo na bado kiwele chake kikawa hakifai kitu. Wenzetu wa chama cha mbuzi wa maziwa cha Marekani, wanapomhukumu mbuzi aliyekwisha kuzaa, humpa alama 100 kwa jumla, na 35 kati ya hizo ni za kiwele peke yake.

Basi na tuanze na umbo. Kiwele cha ng'ombe kina sehemu nne. Cha mbuzi kina mbili, kila moja na chuchu yake, na maziwa ya upande huu hayapiti kwenda upande ule. Kiwele chote kimening'inizwa kwa kano: ziko za pembeni, na iko moja imara ya katikati. Kano hizi ndizo roho ya kiwele. Zikilegea, kiwele hushuka mwaka baada ya mwaka, chuchu huelekea nje kama pembe, mbuzi hukipiga kwa miguu yake anapotembea, hukiburura katika matope na miiba, na maradhi huingia. Mbuzi mwenye maziwa mengi na kano dhaifu ni kama ndoo kubwa yenye mshikio uliooza.

Simama kwanza nyuma ya mbuzi. Mahali kiwele kinapoungana na mwili pawe juu na pawe papana. Katikati yake pawe na mfereji mdogo unaogawa pande mbili, kwani huo ni dalili kwamba kano ya katikati ingali na nguvu. Pande mbili zilingane. Chini ya kiwele pasifike chini ya kile kiungo cha mguu wa nyuma kinachochomoza kwa nyuma; kiwele kinachoning'inia chini ya hapo hakitadumu.

Kisha simama ubavuni. Mbele, kiwele kiungane na tumbo polepole, bila shimo wala mkunjo unaoonekana kama mfuko uliotundikwa. Chuchu ziwe mbili tu, za ukubwa unaoenea mkononi, zikielekea chini au mbele kidogo, na zipambanuke na kiwele chenyewe. Chuchu nene mno humchosha mkamaji, na ndogo mno humtesa. Chuchu ya ziada, hata iwe ndogo kama punje, ni kasoro kwa mbuzi wa maziwa, hasa ikiwa imeungana na chuchu kubwa, kwa sababu huweza kuvujisha maziwa na kuzuia mkono.

Sasa tumia mkono. Ngozi iwe laini, yenye uvuguvugu wa mwili, si moto. Pasiwe na mafundo ndani, wala mbuzi asiruke kwa maumivu unapombonyeza taratibu. Kiwele kilichovimba na kuwa na moto kina maradhi. Na kilichogeuka rangi ya buluu na kuwa baridi kina maradhi makubwa zaidi, yanayoweza kumwua mnyama. Mtoe maziwa ya kwanza ya kila chuchu katika kikombe cheusi. Ukiona mabonge, nyuzi, damu au majimaji, funga mkoba wako uende zako.

Tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Kiwele kilichojaa hakikuambii mengi. Ukubwa wake huweza kuwa wa maziwa, huweza kuwa wa nyama, na huweza kuwa wa hila. Mwombe muuzaji amkame mbuzi mpaka mwisho mbele ya macho yako, kisha kitazame tena. Kiwele kizuri hunywea, kikabaki na makunyanzi, laini kama mfuko wa kitambaa uliomwagwa nafaka yake. Kiwele cha nyama hubaki na umbo lile lile, kigumu, kana kwamba hakikukamwa. Hapo ndipo hukumu ya kweli inapopatikana.

Ama hiyo hila tuliyoitaja, si ngeni. Muuzaji humwacha mbuzi bila kumkama siku nzima au zaidi ili kiwele kifure, mnunuzi adhani ndio wingi wake wa kila siku. Mtume wetu (S.A.W.) aliikataza hila hii kwa ngamia na kwa kondoo na mbuzi, na akampa mnunuzi aliyehadaiwa hiari baada ya kukama: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende, iliyo badala ya maziwa aliyoyakama. Riwaya nyingine zinataja muda wa siku tatu. Mnyama huyo huitwa musarrat. Tazameni jinsi sharia ilivyoijua hali ya soko: siku ya kwanza ni ya udanganyifu, na ukweli wa kiwele hudhihirika katika siku zinazofuata. Hata hapa Uingereza, ambako chama cha wafugaji wa mbuzi kiliundwa mwaka 1879, katika mashindano ya ukamaji mbuzi wote hukamwa kwanza mpaka watupu chini ya uangalizi, ndipo saa 24 za kupima maziwa zinapoanza. Shabaha ni ile ile.

Je, mbuzi ambaye hajazaa ahukumiwe vipi, naye hana kiwele bado? Mtazame mama yake. Na beberu je? Mtazame mama yake beberu pia, kwani binti hurithi umbo la kiwele kutoka pande zote mbili. Beberu naye ana chuchu. Zihesabu, ziwe mbili zilizopangika vyema. Mwenye kununua beberu mbovu amenunua kasoro za kizazi kizima cha mtaa wake.

Kujifunza kwa kusoma hakutoshi. Jicho hufunzwa kwa kuona. Bahati njema, mji huu una mashamba ya mifugo katikati ya nyumba. La Kentish Town lilianza mwaka 1972, la Mudchute katika Isle of Dogs mwaka 1977, na yako pia Spitalfields na Surrey Docks kule Rotherhithe. Hakuna kiingilio. Si mbuzi wote wa huko wanaokamwa, lakini umbo ni umbo. Wafanyakazi wake ni watu wa kupenda kuulizwa, na kufananisha mbuzi watatu kwa asubuhi moja kunafunza zaidi ya kurasa kumi. Wapelekeni watoto wakati wa likizo. Mtoto aliyezaliwa hapa, akijua kumhukumu mbuzi wa bibi yake, amepata uzi wa kumfunga na kwao. Waoshe mikono kwa sabuni baada ya kuwashika wanyama, na mama mjamzito ajiepushe na mbuzi na kondoo wanaozaa.

Na siku hizi simu zina picha. Kabla ya kutuma fedha, mwombeni anayenunua kwa niaba yenu haya matano:

1. Picha ya kiwele kwa nyuma na kwa ubavuni, kabla ya kukama.

2. Picha hizo hizo baada ya kukama mpaka mwisho.

3. Kipimo cha maziwa ya asubuhi na ya jioni kwa siku tatu mfululizo, kwa chombo kinachojulikana ujazo wake.

4. Mbuzi amezaa mara ngapi, na lini mara ya mwisho. Maziwa ya mwezi wa pili si maziwa ya mwezi wa tisa.

5. Sharti la kumrudisha akionekana na kasoro iliyofichwa, lisemwe mbele ya mashahidi.

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali haya, na anayechukizwa amekwisha kuwajibu.

Ndugu zetu, mbuzi aliyechaguliwa vyema, akilishwa na kutunzwa, hutoa maziwa takriban miezi kumi kila uzazi, na uzazi baada ya uzazi. Mzee huenda akajitegemea kwa mnyama huyo mmoja, asingoje simu ya London kila mwisho wa mwezi. Fedha tunazotuma ni amana, na mkono unaonunua nao umebebeshwa amana. Tuusaidie mkono huo kwa elimu, usibaki kulaumiwa baada ya hasara.