Tochi ya Baba Anayekesha Kazini

Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hukinunua bila kukifikiria sana, nacho ni tochi. Sisemi juu ya ile ya kumulikia njia ya chooni, ingawa nayo ina kazi yake. Nasema juu ya tochi ya mzazi ambaye riziki ya nyumba yake inapatikana gizani: baba aliye mlinzi wa usiku, mama aliye mkunga kijijini, babu anayekesha shambani nguruwe wasimalize mihogo.

Mlinzi ndiye atakuwa mfano wetu, kwa kuwa katika miji yetu nyumba nyingi zinakula na kusomesha watoto kwa mshahara wa mlinzi. Mwajiri mwema humpa mlinzi wake koti, mabuti na tochi. Lakini wako wengi wanaopewa rungu tu, na tochi inabaki kuwa shauri la mlinzi na mkewe. Basi mama, ukiingia dukani kuinunua, unanunua chombo cha kazi, sawa na mke wa mkulima anayechagua jembe.

Katika miaka yangu ya wodini nimepokea walinzi walioumwa na nyoka, walioteguka vifundo vya miguu mitaroni, na waliochomwa na misumari ya mbao zilizoachwa ovyo. Mmoja namkumbuka vizuri. Alikanyaga kifutu hatua chache tu kutoka getini. Tochi alikuwa nayo, tena nzima, ila ilikuwa mfukoni. Mawe yake yalikuwa yamebaki na nguvu kidogo, siku ya mshahara ilikuwa mbali, akaona ayatunze. Tulimshukuru Mungu alipona, lakini alikaa wiki nyingi bila kwenda kazini, na mzigo wote wa nyumba ukamwangukia mkewe.

Kifutu hana desturi ya kukimbia akisikia hatua za mtu. Hutulia pale pale akitegemea rangi yake imfiche, na ndiyo maana watu wengi humkanyaga. Dawa ya kwanza ya kifutu ni kumwona. Kwa hiyo, mama, ulishike jambo hili moja kuliko mengine yote nitakayoyasema: tochi ambayo kuiwasha ni gharama, mwenyewe ataionea uchungu na kuiacha mfukoni. Tochi nzuri kwa mlinzi ni ile ambayo hataogopa kuiwasha.

MUULIZE KWANZA

Kabla ya kwenda dukani, keti na mzee wako umuulize kazi yake ilivyo. Analinda nyumba moja, au ghala lenye uwanja mkubwa? Anazunguka mara ngapi kwa usiku? Mvua ikinyesha yuko nje au kibandani? Hapo kazini pana umeme wa kuchajia? Mkono mmoja ukishika rungu, huo mwingine utaweza kuiwasha tochi peke yake?

Kisha pigeni hesabu ya muda. Anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi anakaa zamu ya saa 12, lakini tochi haiwaki muda wote huo. Akizunguka dakika 10 kila saa, jumla ni dakika 120, yaani saa 2. Kuna usiku wa vishindo ambapo atamulika zaidi. Tafuta basi tochi inayoweza kuwaka saa 4 au 5 kwa mwanga wa kufanyia kazi, ili alfajiri imkute bado ana mwanga.

MWANGA GANI UNATOSHA?

Maboksi ya tochi siku hizi yameandikwa namba kubwa kubwa. Kipimo cha wingi wa mwanga huitwa lumeni. Kuonea njia na mahali pa kukanyaga, lumeni 20 hadi 50 zinatosha. Kumulika ukuta wa upande wa pili wa uwanja wa kawaida, lumeni 100 hadi 200 zinafaa. Ukiona tochi ya bei ya chini kabisa imeandikwa maelfu ya lumeni, usiiamini namba hiyo. Liamini jicho lako.

Tazama pia umbo la mwanga. Tochi nyingine hutupa mwanga mwembamba unaokwenda mbali, lakini miguuni panabaki giza. Nyingine humwaga mwanga mpana wa karibu. Mlinzi anahitaji yote mawili, ila wa karibu ndio unaookoa miguu. Ziko tochi ambazo kichwa chake huvutwa mbele na nyuma kubadili mwanga, nazo zinafaa.

Jambo jingine ni ngazi za mwanga. Chagua yenye mwanga mdogo na mkubwa. Jicho la binadamu huchukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri. Mlinzi anayewasha mwanga mkali karibu na uso wake huliharibu zoea hilo mara moja, na akiizima tochi anakuwa kama kipofu kwa muda. Mwanga mdogo haumsumbui macho hivyo, tena unatunza betri.

Kwa mama mkunga hali ni tofauti. Yeye mikono yake yote miwili ina kazi, na anachokitazama kiko karibu. Huyo mnunulie tochi ya kufunga kichwani, yenye mwanga mweupe wa wastani ulioenea vizuri, ili aone rangi ya damu na ya ngozi ya mtoto kama zilivyo.

MAWE AU YA KUCHAJI?

Wengi wetu tulikulia kwenye tochi za glopu, ambazo sehemu kubwa ya nguvu ya mawe ilipotea kuwa joto. Siku hizi karibu tochi zote ni za taa za LED, zinazotumia nguvu kidogo kwa mwanga ule ule. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu, ambayo ndiyo iliyofungua njia ya kupata taa hizi nyeupe. Kwa hiyo usinunue tena tochi ya glopu, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Lililobaki ni kuchagua chakula cha tochi, nacho ni cha aina tatu.

Kwanza ni mawe ya kawaida, ya volti 1.5 kila moja. Uzuri wake ni kwamba kila duka la mtaani linayo, na yakiisha unabadilisha papo hapo. Yale ya bei nafuu huisha haraka. Yale yaitwayo alkali ni ghali kidogo, lakini hudumu mara kadhaa zaidi. Usichanganye mawe mapya na ya zamani, na usiyaache ndani ya tochi isiyotumika, kwa kuwa huvuja na kula vyuma vya ndani.

Pili ni tochi zenye betri ndogo ya risasi, zile nzito zenye meno ya kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi. Bei yake huvutia. Lakini betri hii haipendi kukaa tupu. Ukiiacha wiki kadhaa bila chaji, hufa na haifufuki. Anayeinunua akubali kuichaji kila asubuhi bila kukosa. Ikifa, isipasuliwe nyumbani wala kuachiwa watoto waichezee, kwa sababu risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto.

Tatu ni tochi za betri ya lithiamu. Ni nyepesi na huchajiwa mara nyingi, nyingine kwa waya ule ule wa simu. Kwa mlinzi mwenye umeme nyumbani au kazini, mimi ningeanza na hii. Jihadhari na namba tu. Betri nyingi za aina hii huitwa 18650, kwa sababu upana wake ni milimita 18 na urefu milimita 65. Zilizo nzuri huandikwa kati ya 2,000 na 3,600 kwa kipimo cha mAh. Ukikuta imeandikwa 9,900, aliyeandika anakudanganya. Usiichaji juu ya kitanda wala chini ya mto, na ikivimba usiitumie tena.

HESABU YA MWAKA MZIMA

Tuseme tochi ya kwanza inauzwa shilingi 4,000, nayo inakula mawe ya shilingi 2,000 kila wiki. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo mawe peke yake ni shilingi 104,000. Ukijumlisha na tochi yenyewe unapata 108,000. Tochi ya pili ni ya kuchaji, shilingi 30,000. Hata ukinunua betri ya akiba kwa shilingi 10,000 na kulipia chaji shilingi 500 kila wiki, yaani 26,000 kwa mwaka, jumla ni 66,000. Weka bei za dukani kwenu mahali pa hizi zangu, kisha upige hesabu hivyo hivyo. Mara nyingi utaona kwamba ile "rahisi" ndiyo iliyokuwa inakula ada ya mtoto.

Kama fedha ya tochi ya kuchaji haipo kwa mara moja, msikope kwa riba. Wekeni kidogo kidogo kila mwezi, au tumieni mzunguko wa upatu wenu. Wakati mnangoja, tochi ya LED ya mawe mawili madogo ya alkali itamfaa kuliko ile kubwa ya glopu.

IJARIBU KABLA YA KUIAMINI

Utafiti uliofanywa Kenya na kutolewa mwaka 2009 uliwauliza watumiaji wa tochi za bei nafuu za LED. Karibu 9 kati ya kila 10 walisema walipata tatizo na tochi zao ndani ya miezi sita. Kwa hiyo mama, usione haya mbele ya muuzaji.

Iwashe na kuizima mara kumi. Itikise ikiwa inawaka, na ikipepesa iache. Fungua mahali pa betri utazame kama vyuma vimekaa imara na kama mfuniko unafungika bila kulazimishwa. Jaribu kuiwasha kwa mkono mmoja. Tazama kama ina pete ya mpira ya kuzuia maji na kamba ya kuvaa mkononi. Ikiwa imeandikwa IPX4, maana yake inavumilia maji ya kurushiwa kama mvua. IPX7 maana yake inaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30. Omba risiti.

Ukifika nyumbani, ichaji ijae, iwashe jioni na uandike saa. Angalia mwanga unaanza kufifia saa ngapi. Jaribio hili halikugharimu kitu, na ni afadhali ikuzimikie sebuleni kuliko kumzimikia baba nyuma ya ghala.

TOCHI NA WATOTO

Hapa naomba mnisikilize kama muuguzi. Vitochi vidogo vya kuning'iniza kwenye funguo, na taa nyingi za kuchezea, huwa na betri bapa kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza vibaya njia ya chakula ndani ya saa 2 tu. Dalili zaweza kuwa kutoka udende, kukohoa au kukataa kula, na pengine hakuna dalili kabisa. Ukishuku amemeza, usimtapishe wala usingoje itoke yenyewe. Mpeleke mara moja hospitali yenye picha ya eksirei. Vitochi vya namna hiyo visivyofungwa kwa skrubu visiingie nyumbani kwenye mtoto mdogo.

Wafundisheni watoto pia wasimulikane machoni. Na jambo la mwisho: tochi ya kazi isiwe tochi ya nyumba. Mchana watoto wataichezea, jioni utaisaka uvunguni, na baba ataondoka nayo ikiwa nusu. Ipigilie msumari wake karibu na mlango, juu, mkono wa mtoto usipofika. Nyumba iwe na kitaa chake kingine, hata kama ni kidogo.

Mama, ukimwona mzee wako anaisugua tochi kiganjani ili iwake, au anaizima haraka kila anapoiwasha, usimcheke kwa ubahili. Muulize mawe yamebaki na nguvu kiasi gani, na mshahara uko mbali kiasi gani. Kisha kaeni na kalamu na karatasi mpige ile hesabu ya mwaka. Akishavaa mabuti yake jioni, mwambie aiwashe kila anapoinua mguu gizani, kwa kuwa chakula chake kimekwisha kulipiwa.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.