Kahawa Si Sumu, Wala Si Dawa

Liko jambo lililotugawa bwenini tangu shule ilipofunguliwa. Jambo lenyewe ni kahawa. Wako wenzangu wasemao ya kuwa kahawa hukausha damu na kuharibu moyo, na kwamba mwanafunzi asiiguse kabisa. Wako wengine waliorudi likizo na habari mpya, ya kuwa wataalamu wamegundua kahawa hurefusha maisha. Nao hunywa vikombe vitatu usiku wakati wa kujisomea, wakidhani wanajiongezea miaka. Kila upande husema, "Utafiti umeonyesha." Mimi nimesimama katikati, si kwa kuogopa kuchagua, bali kwa ajili ya yaliyompata mjomba wangu.

Mjomba wangu ni mkulima wa pamba huko Itilima, mtu mwenye bidii, naye ana ugonjwa wa kisukari. Mwaka jana jirani alimsomea habari katika simu, ya kuwa wanywao kahawa hawapatwi sana na kisukari. Mjomba alifurahi mno. Alinunua kopo la kahawa, akawa anakunywa asubuhi na jioni, na vidonge vyake akavifungia sandukuni. Nilipomwuliza alinijibu, "Mpwa wangu, kwa nini nimeze vidonge maisha yangu yote, na kinywaji kipo?" Sikuwa na la kumjibu. Baada ya miezi michache alijikata mguuni kwa jembe. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini kilikataa kupona, kikazidi, hata tukampeleka hospitali kwa pikipiki usiku. Mungu alimsaidia, mguu umebaki; lakini vidole viwili havipo tena.

Je, habari ile ilikuwa ya uongo? La, haikuwa ya uongo, na hapo ndipo penye fundisho. Ni kweli ya kuwa uchunguzi mwingi, uliofanywa katika nchi mbalimbali, umeona kwamba wanywao kahawa kwa desturi hupatwa na kisukari cha ukubwani kwa uchache kuliko wasiokunywa. Lakini waliochunguzwa walikuwa watu wasio na kisukari, waliofuatwa kwa miaka mingi ili ionekane nani atapatwa na nani hatapatwa. Hakuna mtaalamu aliyesema ya kuwa mgonjwa aache vidonge akanywe kahawa. Kutopatwa na ugonjwa ni jambo moja, na kuponywa ni jambo jingine. Habari ilikuwa kweli, ila ilimfikia mtu asiyehusika nayo.

Sisi watu wa Simiyu hatulimi kahawa. Zao letu ni pamba. Kahawa hutujia kutoka Kagera, Kilimanjaro na kwingineko. Wahaya tangu zamani hutafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, na humkaribisha mgeni kwazo. Wazee wetu walituachia michembe, matobolwa, mlenda na maziwa ya mgando, lakini juu ya kahawa hawakutuachia neno. Kwa hiyo twategemea habari za kusoma na kusikia. Mtu ategemeaye habari hana budi kujua namna ya kuzihoji, na mimi naona maswali yanayofaa ni manne.

Swali la kwanza: Waliolinganishwa ni akina nani? Jambo hili mtoto wa mkulima halimpigi chenga. Ukitia samadi shamba la bondeni, na shamba la mlimani usilitie, kisha pamba ya bondeni ikastawi, huwezi kuapa ya kuwa ni samadi. Huenda ni maji. Wataalamu wa Ukiriguru, Mwanza, zilikotoka mbegu za pamba zijulikanazo kwa herufi UK, hupanda vipande vya majaribio katika ardhi iliyo sawa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini binadamu si vipande vya shamba. Wanywaji wengi wa kahawa katika uchunguzi wa zamani walikuwa pia wavuta sigara, na makosa ya sigara yakabebeshwa kahawa.

Mwaka 1981 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitangaza ya kuwa kahawa yaonekana kuandamana na saratani ya kongosho. Watu wengi waliogopa. Baadaye ikaonekana ya kuwa wengi katika wagonjwa waliolinganishwa nao walikuwa na maradhi ya tumbo, na watu wa namna hiyo hupunguza kahawa kwa kuona inawaumiza. Basi si kwamba wenye saratani walikunywa sana, bali wenzao walikunywa kidogo mno. Wataalamu wale wale walipochunguza tena, na kutoa matokeo mwaka 1986, hawakuiona hatari ile waliyoitangaza.

Swali la pili: Kilichodhuru ni kitu chenyewe au namna ya kukitumia? Mwaka 1991 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka kahawa katika vitu ambavyo huenda vikaleta saratani ya kibofu cha mkojo. Mwaka 2016 wataalamu 23 walikutana huko huko, wakapitia uchunguzi zaidi ya 1,000, wakaiondoa kahawa katika kundi hilo, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Lakini walionya ya kuwa kinywaji cho chote chenye moto uzidio digrii 65, kiwe kahawa, chai au maji matupu, yaelekea huleta saratani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni kwenda tumboni.

Onyo hilo latuhusu sisi hasa. Saratani ya umio huonekana kwa wingi katika ukanda wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, mpaka Malawi na Afrika Kusini. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kilimanjaro, ambapo karibu watu 200 walipimwa joto la chai wakati walipoanza kuinywa. Kwa wastani ilikuwa imezidi digrii 70! Basi sisi bwenini twagombana juu ya kahawa, na huku chai ya moto, ambayo hakuna aliyeishitaki, twaigugumia kila asubuhi ili tuwahi kengele.

Najua msomaji mmoja atasema, "Ikiwa jana walisema hivi na leo wasema vile, kwa nini tuwaamini?" Nami namjibu: shahidi aonaye kosa lake akalikiri ndiye wa kuaminiwa, na yule asiyebadili neno lake kamwe ndiye wa kuogopwa. Aliyetuambia ya kuwa kahawa hukausha damu hajapima damu ya mtu hata leo.

Swali la tatu: Nani aliyelipa? Katika miaka ya 1960 chama cha wafanya biashara wa sukari huko Marekani kiliwalipa wataalamu wa Harvard dola 6,500, nao wakaandika makala, iliyotoka mwaka 1967, ya kulaumu mafuta katika maradhi ya moyo na kuitetea sukari. Malipo hayo hayakutajwa, wala watu hawakuyajua mpaka mwaka 2016. Simaanishi ya kuwa kila alipwaye husema uongo. Lakini muuza ng'ombe akimsifu ng'ombe wake, mnunuzi humfungua ng'ombe kinywa ahesabu meno.

Swali la nne: Ni kwa nani, kiasi gani, na saa ngapi? Wataalamu wa Ulaya walisema mwaka 2015 ya kuwa mtu mzima mwenye afya hadhuriki kwa miligramu 400 za kafeini kwa siku, lakini mama mja mzito asizidishe 200. Kwa hiyo ushauri umfaao mwalimu huenda usimfae mkewe. Mwaka 2013 ulitoka uchunguzi ulioonyesha ya kuwa mtu akipewa miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, usingizi wake hupungua kwa zaidi ya saa moja. Waliochunguzwa walikuwa 12 tu, nami siufichi uchache huo. Lakini kila aliyewahi kusinzia katika kipindi cha hesabu baada ya kukesha kwa kahawa ni shahidi wa kumi na tatu. Tena kahawa na chai zikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usipate vema madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Wenzetu wasichana, ambao huhitaji damu zaidi, na walifikirie jambo hili.

Basi maoni yangu ni haya. Kahawa si sumu kwa mtu mzima mwenye afya, wala si dawa kwa mgonjwa. Anayeipenda na anywe mchana, kwa kiasi, mbali kidogo na chakula, tena ikiwa imepoa. Mwenye vidonge na ameze vidonge vyake, na akisikia habari njema amwulize daktari kwanza. Kuuliza si ujinga.

Kwa chama chetu cha sayansi nina ombi moja. Kichukue kipimajoto cha maabara, kwa ruhusa ya mwalimu, kikapime chai na uji wa asubuhi pale vinapotiwa katika vikombe, kwa muda wa wiki mbili, na matokeo yabandikwe ukutani pa bwalo. Huo utakuwa uchunguzi wetu wenyewe, tukijua nani aliyepima na alipima nini. Nami nitampelekea mjomba nakala yake. Siku hizi anameza vidonge kila siku, na kila nikienda likizo huniuliza, "Mpwa wangu, wamesema nini tena?"

Mwanafunzi, Kidato cha Tano,
Bariadi